Mchezo wa Rangi: Uchoraji Dhahania na Udongo wa Uluguru

Watu wengi hudhani kwamba sayansi na uchoraji ni mambo mawili yasiyokutana. Mwanasayansi, kwa fikira hizo, ni mtu wa vipimo na hesabu. Mchoraji ni mtu wa hisia na kipaji. Mawazo hayo yamejengeka hata shuleni, ambako kipindi cha kemia na kipindi cha sanaa hutenganishwa kana kwamba rangi inayotumika katika kimoja si kitu cha kuchunguzwa katika kingine. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kuna namna moja ya uchoraji, yaani kucheza na rangi bila kuiga umbo la kitu chochote, inayoweza kumjengea mwanafunzi tabia za msingi za sayansi: kujaribu, kutazama, kuandika alichokiona, na kujaribu tena.

Mfano unaotumika hapa ni wa Mzinga, kata iliyo katika Manispaa ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mahali hapo panafaa kwa sababu moja kubwa: rangi ziko chini ya miguu. Shule isiyo na fedha za kununua rangi za dukani haina sababu ya kuliacha somo hili, maana malighafi yake imelala katika kingo za barabara na za mito.

Uchoraji dhahania ni nini?

Mchoro dhahania ni mchoro usiokusudia kuonyesha mtu, mnyama, mti wala nyumba. Kinachotazamwa ni rangi zenyewe, mistari, madoa, na jinsi vitu hivyo vinavyokaa pamoja. Katika Ulaya mtindo huu ulipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 20. Wassily Kandinsky, mchoraji Mrusi aliyekuwa akiishi Munich, alisimulia kwamba jioni moja aliingia katika chumba chake cha kazi akaona picha nzuri ajabu ambayo hakuweza kutambua ilichoonyesha. Alipoikaribia akagundua kuwa ni picha yake mwenyewe iliyoegemezwa kiubavu. Tukio hilo lilimfanya ajiulize kama umbo la kitu ni lazima katika uchoraji.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba mtindo huu ulizaliwa Ulaya. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, wataalamu wa mambo ya kale walipata kipande kidogo cha jiwe chenye mistari inayopishana, iliyochorwa kwa ngeu nyekundu. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 73,000 hivi, na taarifa yake ilitolewa mwaka 2018. Mistari ile haionyeshi mnyama wala mtu. Vilevile, mapambo ya mikeka, vikapu na vyungu vya Afrika ya Mashariki kwa sehemu kubwa ni dhahania: ni mpangilio wa rangi na mistari, wala hakuna anayeuliza ukili wa mkeka unafanana na nini.

Hazina iliyomo udongoni

Milima ya Uluguru ni sehemu ya safu ya kale iitwayo Milima ya Tao la Mashariki. Miamba yake iligeuzwa kwa joto na mgandamizo mkubwa ndani ya ardhi, na ndani yake mna madini mengi yenye chuma. Mvua na joto vikishambulia miamba hiyo kwa muda mrefu, chuma huachiliwa, kikaungana na oksijeni. Matokeo yake ndiyo rangi za udongo.

Rangi nyekundu hutokana hasa na hematiti, ambayo ni oksidi ya chuma isiyo na maji. Rangi ya manjano na ya hudhurungi hutokana na goethiti, ambayo ni oksidi ya chuma iliyoshikamana na maji. Kwa hiyo, mahali ambapo maji hupita upesi na udongo hukauka vizuri, mara nyingi udongo huwa mwekundu. Mahali penye unyevu zaidi huwa wa manjano. Pale ambapo maji hutuama, oksijeni hukosekana, chuma hubadilika na kuyeyuka, na udongo hubaki wa kijivu. Mboji huongeza weusi. Udongo wa kaolini, usio na chuma kingi, huwa mweupe.

Kuna pia ulanga, madini yanayopasuka katika magamba membamba yanayong'aa. Ulanga wa Uluguru ulichimbwa tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Magamba yake yakisagwa na kuchanganywa na rangi, mchoro humetameta kila mtazamaji anapogeuza kichwa. Hivyo, mwanafunzi anayekusanya konzi sita za udongo kutoka mahali sita anakuwa amekusanya rangi sita, na pia habari za maji, hewa na miamba ya mahali hapo.

Namna ya kutengeneza rangi

Rangi yoyote ya kuchorea ina sehemu tatu: unga unaotoa rangi, gundi inayoushikiza unga huo kwenye karatasi, na kimiminiko kinachoufanya upakike. Kazi hufanyika kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, udongo ukaushwe, utwangwe, kisha uchekechwe kwa kitambaa chepesi.

Pili, unga utiwe katika chupa ya maji na kutikiswa. Baada ya nusu dakika mchanga utakuwa umezama; maji yenye tope yamiminwe katika chombo kingine na kuachwa hadi kesho yake. Kitakachotuama humo ni unga laini sana. Hapa fizikia inafanya kazi yake: katika maji yaliyotulia, punje ndogo yenye kipenyo nusu ya punje nyingine ya aina ileile huzama kwa mwendo wa robo tu. Ndiyo maana muda peke yake unatosha kutenganisha mchanga na unga wa rangi.

Tatu, unga uliokauka uchanganywe na gundi. Uji mzito wa muhogo unafaa, na utomvu wa migunga uliolowekwa katika maji unafaa zaidi. Kiini cha yai kilitumiwa na wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi. Sehemu moja ya gundi kwa sehemu moja ya unga ni mwanzo mzuri. Baada ya hapo wanafunzi wabadilishe kipimo wenyewe. Gundi ikipungua, rangi hupukutika inapoguswa. Ikizidi, rangi hupasuka inapokauka. Kiasi kinachofaa hutofautiana kwa kila udongo, na hakuna kitabu kitakachokitaja kwa udongo wa nyuma ya shule fulani. Ni lazima kitafutwe.

Michezo mitano ya kuanzia

Michezo ifuatayo haihitaji kipaji cha kuchora. Kila mmoja hutoa mchoro, na kila mmoja huacha swali.

1. Maji juu ya maji. Karatasi ilowanishwe upande mmoja na kuachwa kavu upande wa pili, kisha tone moja la rangi lidondoshwe kila upande. Kwenye ukavu tone hubaki na ukingo mkali. Kwenye umajimaji hutawanyika kama wingu. Wanafunzi wapime upana wa doa kila baada ya dakika moja.

2. Sabuni na mkaa. Unga laini wa mkaa unyunyizwe juu ya maji yaliyotulia katika sahani pana. Ncha ya kijiti kilichopakwa sabuni iguse katikati. Mkaa hukimbilia pembeni, kwa sababu sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji pale ilipoguswa, na maji ya kando huvuta kwa nguvu zaidi. Karatasi ikilazwa polepole juu ya maji na kuinuliwa, huchukua alama za mwendo huo. Hakuna karatasi mbili zitakazofanana.

3. Nta. Mistari ichorwe kwa mshumaa juu ya karatasi, kisha rangi nyepesi ipakwe juu yake. Maji huikataa nta, na mistari iliyokuwa haionekani hujitokeza. Batiki hutumia kanuni hiyohiyo. Mafundi wake huikunja nguo makusudi ili nta ipasuke na rangi ipenye katika nyufa.

4. Ndimu na magadi. Bizari ya manjano ikorogwe katika maji kidogo na kupakwa kwenye karatasi. Ikikauka, idondoshewe maji ya magadi mahali pamoja na maji ya ndimu mahali pengine. Penye magadi hugeuka kuwa na wekundu wa kahawia. Penye ndimu hubaki manjano. Mwanafunzi amepata mchoro, na pia amepata kipima asidi na besi.

5. Kikaango. Udongo wa manjano uliokaushwa vizuri uwekwe juu ya kipande cha bati au kigae, kisha ukaangwe juu ya moto mkali wa mkaa huku ukikorogwa. Taratibu hugeuka mwekundu. Kwenye nyuzi 300 hivi za sentigredi goethiti hupoteza maji yake na kuwa hematiti:

2FeOOH → Fe₂O₃ + H₂O

Kwa hesabu, goethiti safi hupoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake. Udongo wa kawaida una pia mfinyanzi na mboji, kwa hiyo kipimo cha darasani hakitakuwa hicho hasa. Kueleza tofauti hiyo ni zoezi zuri kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Udongo mmoja ukiondolewa motoni kila baada ya dakika mbili huzaa ngazi nzima ya rangi kutoka manjano hadi nyekundu, yote kutokana na konzi moja.

Rangi idumuyo na rangi ipoteayo

Rangi ya bizari inavutia, lakini haidumu. Hili linaweza kuthibitishwa kwa kupaka ukanda wa bizari na ukanda wa udongo mwekundu, kufunika nusu ya kila ukanda kwa karatasi nzito, na kuuacha dirishani penye jua kwa mwezi mmoja. Nusu ya bizari iliyopigwa na jua hufifia, maana mwanga huvunja molekuli zake. Udongo haubadiliki. Ushahidi mkubwa wa uimara wa oksidi ya chuma uko Kondoa, mkoani Dodoma, ambako michoro mingi ya miambani imechorwa kwa rangi nyekundu. Mary Leakey aliichunguza na kuinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Udongo nao una upungufu wake. Hautoi buluu iliyokolea. Anayetaka buluu hana budi kugeukia mimea ya nili au viwanda, na ni vyema wanafunzi waujue mpaka huo mapema.

Jicho nalo huchanganya rangi

Si kila badiliko la rangi hutokea kwenye karatasi. Katika karne ya 19 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia idara ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, jijini Paris. Yalikuwapo malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikukolea. Chevreul alizichunguza, akaona kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro. Rangi zilizosukwa kando yake ndizo zilizozifanya zionekane hafifu. Mwaka 1839 alitoa kitabu kuhusu kanuni hiyo ya ulinganifu wa rangi.

Darasani kanuni hiyo huonekana kwa dakika chache. Vipande viwili vya karatasi ya kijivu, vilivyokatwa kutoka karatasi moja, viwekwe kimoja juu ya nyekundu na kingine juu ya nyeupe. Havitaonekana sawa. Anayechagua khanga dukani huifahamu kanuni hii bila kuitaja: wekundu ulio kando ya weusi si wekundu ulio kando ya weupe, hata kama umetoka katika pipa moja la rangi.

Makosa yaliyozaa maarifa

Historia ya rangi imejaa matokeo yasiyotarajiwa. Mwanzoni mwa karne ya 18 mtengenezaji wa rangi aitwaye Diesbach, mjini Berlin, alitaka kupata rangi nyekundu. Potashi aliyotumia ilikuwa imechafuliwa na mabaki ya wanyama, na badala ya nyekundu akapata buluu nzito. Rangi hiyo, buluu ya Prussia, nayo ni mchanganyiko wa chuma. Mwaka 2009, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, kundi la Mas Subramanian lilikuwa likitafuta vifaa vya elektroniki kwa kuchoma oksidi za itriamu, indiamu na manganizi. Kutoka tanuri likatoka buluu angavu ambayo haikujulikana kabla.

Wachoraji nao wamewahi kuwatangulia wanafizikia. Mwaka 1936 David Alfaro Siqueiros, mchoraji wa Meksiko, alifungua karakana ya majaribio jijini New York. Humo alimimina rangi moja juu ya nyingine na kuziacha zijichore zenyewe, zikafanya madoa na mitandao ya ajabu. Mwaka 2015 wanafizikia wa Meksiko walichapisha maelezo yake: rangi iliyo nzito zaidi ikikaa juu ya iliyo nyepesi, tabaka hizo haziwezi kutulia, ya juu huzama na ya chini hupanda, na mchoro huzaliwa kutokana na mpishano huo.

Nchini Tanzania, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 bila kupitia chuo cha sanaa. Alitumia mbao nyembamba za kuezekea dari na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na picha zake ziliuzwa karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Alichora wanyama na ndege, si michoro dhahania. Lakini ujasiri wa kujaribu vifaa vilivyokuwapo, badala ya kungoja vile visivyokuwapo, ndio uliozaa mtindo unaobeba jina lake hadi leo.

Mchezo usioandikwa hupotea

Ipo tofauti moja ambayo mwalimu hapaswi kuificha. Mchoraji huweza kuridhika na tokeo lililotokea mara moja tu, mwanasayansi hawezi. Diesbach angepata buluu yake na kuipoteza siku hiyohiyo kama chanzo chake kisingetafutwa na kurudiwa. Kwa hiyo kila mwanafunzi awe na daftari, na nyuma ya kila karatasi aandike mambo manne: udongo ulikotoka, kipimo cha gundi, alichobadilisha, na alichokiona. Abadilishe jambo moja tu kwa mara moja. Anayebadilisha udongo, gundi na karatasi kwa pamoja atapata mchoro mpya, lakini hatajua kilichouleta.

Katika mazoezi mengi ya maabara jibu hujulikana kabla ya kazi kuanza. Mwanafunzi ambaye tokeo lake limetofautiana na la kitabuni hulifuta, akaandika la jirani yake. Tabia hiyo ni hatari kuliko ukosefu wa vifaa, maana inamfundisha kijana kuogopa alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Mchoro dhahania wa udongo hauna jibu la kunakili. Doa lililoharibika haliwezi kulinganishwa na picha sahihi, bali linaweza kuulizwa sababu. Ndiyo maana inafaa alama zitolewe kwa ukamilifu wa kumbukumbu na kwa swali lililozaliwa, wala si kwa uzuri wa picha. Karatasi iliyopasuka na kupukutika, ikiwa imeandikwa vizuri, istahili alama sawa na ile inayopendeza.

Tahadhari

Udongo uchukuliwe kwa konzi, kutoka kingo zilizokwisha kukatwa na barabara au maji, miteremko isichimbwe. Rangi nyekundu inayoonekana katika mito wakati wa masika ni udongo wa mashamba ya milimani unaopotea, nao huishia katika bwawa la Mindu linalotegemewa na mji wa Morogoro kwa maji. Unga wowote usiojulikana, mabaki ya viwandani, na unga mweusi wa betri kuukuu, ambao mara nyingine hutumiwa kupaka ubao, usiguswe. Rangi za zamani za nyumba nazo zisikwanguliwe, kwa sababu baadhi zina risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Ukaangaji ufanyike nje, mbele ya mwalimu. Wakati wa kutwanga, pua na mdomo vifunikwe, na mikono ioshwe baada ya kazi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Udongo wa manjano ukikaangwa huwa mwekundu. Je, udongo mwekundu ukilowekwa katika maji utarudi kuwa wa manjano? Panga jaribio la kuthibitisha jibu lako.

2. Katika mchezo wa sabuni, kwa nini mkaa haukimbii tena sabuni inapoguswa mara ya pili katika sahani ileile?

3. Chagua karatasi yako moja ambayo haikutokea kama ulivyotaka. Ni jambo gani moja utakalolibadilisha ili kujua sababu yake?